Shangazi aliniuliza kama najichubua

Ilikuwa Jumapili mchana nimeenda kumsalimia shangazi Mbagala, nimefika mlangoni hata shikamoo haijaisha vizuri akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga, afu akauliza kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "Mwanangu, umeanza kujichubua?"

Nikakosa jibu. Kwa sababu ukilichukua neno lenyewe lilivyo, ndio, nilikuwa najichubua. Nilikuwa napaka asidi ya glaikoliki, na kazi yake ni hiyo hiyo, kuchubua, inatoa gamba la juu la ngozi. Ila hapa kwetu ukisema mtu anajichubua kila mtu anaelewa mkorogo, zebaki, haidrokwinoni, uso mweupe na vidole vyeusi kwenye maungio, vitu ambavyo Tanzania vimepigwa marufuku na bado vinapatikana ukiuliza kwa kunong'ona. Kwa iyo nikasimama pale mlangoni na mfuko wa machungwa mkononi najaribu kumwelezea shangazi mzima kwamba nachubua lakini sijichubui. Hakunielewa, na kwa kweli uso wangu siku hiyo haukunisaidia, maana pembeni ya mdomo kulikuwa na weusi kama nimekula zambarau nikasahau kufuta.

Sasa ngoja niseme nilifikaje huko.

Mi nina chunusi za kuja na kuondoka tangu sekondari, zenyewe hazinisumbui sana, kinachonisumbua ni madoa zinayoacha. Chunusi inakaa siku 5 doa linakaa miezi 5. Wenye ngozi nyeusi wenzangu mnajua, ngozi yetu ikikasirishwa kidogo tu inajibu kwa kumwaga melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, pale pale, iwe ni chunusi, iwe ni wembe, iwe ni kung'atwa na mbu. Nikawa naangalia klipu usiku badala ya kulala, kila dada ana chupa ile ya glaikoliki ya asilimia 7, mililita 240, ndefu, wenyewe mnaijua, nikaenda Kariakoo nikainunua elfu 40 na ushee baada ya kubembelezana sana na muuzaji. Muuzaji akaniambia pakaa asubuhi na jioni, itakuchoma kidogo, ikichoma ujue inafanya kazi.

Hiyo sentensi ya mwisho ndo iliniharibia uso. Na simlaumu peke yake kwa sababu hata mi nilikuwa naamini hivo hivo kabla hajasema. Tumekua tunaona mama zetu na dada zetu wakipaka vitu vinavyochoma, wakisema vumilia, ngozi ikibanduka ndo inatakata. Yani mi sijawahi kupaka mkorogo hata siku moja lakini akili ya mkorogo nilikuwa nayo kichwani, nikaja nayo kwenye chupa nyingine.

Nikapaka asubuhi na usiku. Jumamosi nikaongeza skrabu ya sukari na asali kwa sababu ndo desturi yangu. Kati ya wiki nikaweka na retino, ile ya vitamini A ya kupaka, ya rafiki yangu. Asubuhi navuka na pantoni kutoka Kigamboni, mchana natumwa mjini narudi juani, sanskrini, yani krimu ya kukinga jua, sina, naona ni kitu cha wazungu ufukweni. Wiki ya kwanza uso uling'aa jamani, watu ofisini wananiuliza nimetumia nini, nikajiona nimepatia. Wiki ya tatu ule mng'ao ukawa wa ajabu, wa plastiki, kama sahani iliyopakwa mafuta, na ngozi inavuta nikitabasamu. Afu siku moja nanawa uso kwa maji tu, maji ya bomba, yakachoma. Losheni ya mtoto ikachoma. Ndani ya siku chache pembe za pua na mdomo zikabanduka, na chini ya kule kulikobanduka kukatoka weusi mpya ambao sikuwa nao kabla. Nimenunua dawa ya madoa nikajitengenezea madoa, kwa hela yangu mwenyewe!

Nilichokuja kuelewa baadae, na hiki ndo nilitakiwa nikisome kabla ya kufungua chupa, ni kwamba ngozi ya juu kabisa ni seli zilizokwisha kufa zimepangana kama vigae na katikati yake kuna kitu cha kuzigandisha. Kwa kawaida zinadondoka zenyewe taratibu, mzunguko mzima kutoka chini mpaka juu ni kama mwezi mmoja hivi, na umri ukienda unachelewa. Asidi inalegeza ule ugando, basi. Haisugui wala haiunguzi ikitumika inavyotakiwa. Na haifanyi mtu awe mweupe, inachofanya ni kuondoa seli za juu zenye rangi iliyobaki haraka zaidi ili zile za chini zionekane, rangi unayoipata ni ile ile uliyozaliwa nayo. Vile vigae ndo ukuta wako, ukivitoa kwa kasi kuliko vinavyojengwa upya unabaki nyumba haina paa.

Na glaikoliki katika ndugu zake ndo yenye molekuli ndogo kuliko zote, ndo maana inapenya haraka na ndo maana inachoma kuliko wenzake. Ile ya laktiki inayopatikana kwenye maziwa mgando ni kubwa kidogo, ya mandeliki ni kubwa zaidi, inaingia polepole, wenye ngozi nyeusi na nyepesi kukasirika wengi wanaanzia huko na laiti ningejua na mi ningeanzia huko. Salisiliki ni ukoo mwingine, yenyewe inapatana na mafuta kwa iyo inaingia mpaka ndani ya vitundu, kama shida yako ni vichwa vyeusi puani hiyo ndo yako.

Kingine ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia ni pH, yani kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka namba ukali unapanda. Watu tunaangalia asilimia tu. Chupa mbili zote zimeandikwa asilimia 10 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, kwa sababu asidi inayofanya kazi ni ile iliyo huru, na pH ikifika kwenye 3.8 hivi ni nusu tu ndo iko huru, ikipanda zaidi inabaki kidogo, ikishuka inakuwa kali. Wataalamu wa Marekani wanaopitia usalama wa vipodozi walishasema vya kutumia nyumbani visizidi asilimia 10 na pH isiwe chini ya 3.5. Sasa kuna watu wanauza mtandaoni chupa za asilimia 30, 50, mpaka 70, eti "peel" ya kujibandua ngozi nyumbani, hizo ni za mikono ya daktari wa ngozi anayejua dakika ngapi na anajua kuzizima, sio za kujipaka bafuni huku unaangalia simu.

Hapa nisimame kidogo kwenye habari ya miwa maana inanichekesha. Kila mahali wanaandika glaikoliki inatoka kwenye miwa, na ni kweli kwenye miwa imo, lakini iliyoko kwenye chupa nyingi inatengenezwa kiwandani, na hakuna ubaya wowote, tena ndo wanaipima vizuri. Jirani yangu aliposikia miwa akaenda kununua juisi ya miwa akajipaka. Haikumdhuru, alipata nzi tu. Mbaya ni ndimu. Watu wanasema ndimu nayo ni asidi ya asili si ndo yale yale, hapana jamani, ndimu pH yake iko kwenye 2, na tena ina vitu ndani yake vinavyogombana na jua, ukipaka ukatoka nje unaweza kuungua ukatoka malengelenge na ukabaki na weusi wa miezi. Ndimu iache kwenye samaki.

Na jua ndo lilikuwa nusu ya kosa langu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inaeleza kwamba watu waliopakwa asidi hizi kwa wiki 4, wepesi wa ngozi yao kuwa nyekundu kwa jua uliongezeka kwa asilimia 18, na walipoacha ilirudi kawaida ndani ya wiki moja. Sisi hapa hatuwi wekundu sawa, ila sisi tunalipa kwa madoa. Dar es Salaam, saa 7 mchana, juu ya pantoni, ngozi imetolewa paa. Hesabu yake hiyo hata sihitaji kuimalizia.

Basi nikaacha kila kitu. Wiki 6 ni sabuni laini, losheni isiyo na harufu, vaselini usiku pale palipobanduka, na sanskrini asubuhi. Kuchoma kuliisha ndani ya wiki mbili, weusi wa mdomo ulichukua karibu miezi 4. Sanskrini yenyewe ilikuwa safari nyingine, mbili za kwanza zilinifanya nionekane nimetoka mashineni kusaga unga, ya tatu ndo inapotea kwenye ngozi. Napaka urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, naona nyingi kila siku lakini ndo kipimo.

Baada ya hapo ndo nikairudia ile chupa, nikiwa na adabu. Sasa hivi ni usiku wa Jumanne na usiku wa Ijumaa tu. Nanawa, nasubiri uso ukauke kabisa kwa sababu ngozi ikiwa na maji inachoma zaidi, namimina kidogo kiganjani sio kwenye pamba maana pamba inakunywa nusu ya hela yako, nabonyeza usoni nikikwepa macho na pembe za pua na mdomo, nyuma yake losheni. Retino siku hizo hailali na mimi. Skrabu ya sukari nimeiacha usoni moja kwa moja, mbili zile ni kazi moja, unapiga deki mara mbili. Ikiwa nimekwanguka au nimetoka kunyoa naruka siku hiyo. Kuwasha kidogo kwa dakika moja mbili nakuvumilia, kuchoma kwa kuendelea nanawa, hakuna zawadi ya uvumilivu hapa.

Madoa yamepungua, hayajaisha. Yale mapya yanaondoka kwa miezi miwili badala ya mitano, nadhani na sanskrini ina mkono wake hapo, siwezi kuzitenganisha.

Ila ukweli nikuambie, uso sio mahali chupa hii iliponifurahisha. Ni viwiko. Ni magoti. Ni vile vipele vya mkononi juu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, ambavyo nimevisugua na dodoki miaka 10 bila mafanikio, vimelainika ndani ya mwezi. Ngozi ya huko ni nene, inastahimili, naipaka usiku mara tatu kwa wiki haina malalamiko. Kwapani pia, usiku, siku ambayo sijanyoa, sisemi inazuia jasho, jasho liko pale pale, lakini harufu imepungua kwa sababu wale bakteria hawapendi mahali penye asidi. Nywele zilizokuwa zinaota kwa ndani baada ya wembe nazo zimepungua. Visigino usijisumbue, asilimia 7 kwenye kisigino ni kama kumpigia mbuzi gitaa, kule chukua jiwe na maji ya moto.

Ukitaka kuanza na wewe, pakaa kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono usubiri siku mbili tatu. Kama una pumu ya ngozi, au unatumia dawa za chunusi za daktari, muulize yeye sio mimi, mi nafanya kazi ya mahesabu.

Shangazi nilirudi kwake mwezi uliopita. Akanishika kidevu tena, akanigeuza kwenye mwanga, akasema afadhali umeacha. Nikamwambia sijaacha shangazi, nimepunguza. Nikamwonyesha kiwiko. Akakipapasa muda mrefu bila kusema kitu, afu akaniambia yeye wakati anaolewa Tanga walimsugua singo siku saba mpaka kiwiko kikawa hivi, singo ina maua, ina liwa, inanukia, sio haya maji yako yasiyo na harufu. Hilo sikubishana nalo.

Nimefika Kigamboni usiku simu ikaita. Chupa niliisahau kwake kwenye kochi, anauliza yale maji ya kuchubua kiwiko mtu anapaka kabla ya kuoga au baada.