Juu ya Handaki la Blea Moor

Mei 2008, nikiwa mwaka wangu wa kwanza wa masomo Leeds, Uingereza, nilikuta tangazo kwenye ubao wa maktaba: matembezi ya Jumamosi, kutoka stesheni ya Ribblehead hadi stesheni ya Dent, kupitia mlimani, karibu kilomita 14, kila mtu aje na chakula chake. Yale maneno "stesheni hadi stesheni" ndiyo yaliyonifanya niandike jina langu papo hapo. Mimi ni mtoto wa gengi, kikosi cha watengeneza njia ya reli. Baba alitengeneza njia ya Reli ya Kati sehemu za Saranda, pale treni inapoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na utoto wangu wote nimeupita nikiruka taruma hadi taruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, kwenda shule. Mataruma yetu yalikuwa ya chuma. Saa saba mchana hukanyagi bila viatu.

Tulikuwa watu kumi na wanne. Aliyetuongoza alikuwa mama wa makamo, ramani imefungwa ndani ya nailoni na kuning'inia shingoni. Wengi walikuwa wastaafu, na wanafunzi tulikuwa wawili tu, mimi na dada mmoja kutoka Kisumu. Treni ilituacha Ribblehead kabla ya saa nne asubuhi, ikaendelea zake kaskazini, na tukabaki na upepo.

Daraja la Ribblehead nilikuwa nimeliona kwenye picha, lakini picha haisemi kitu. Lina matao 24, na urefu wake kutoka bondeni ni mita 32. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, nikaweka kiganja. Jiwe lilikuwa baridi na lenye ukungu wa kijani, kila tofali moja la jiwe likinifika kiunoni. Mama kiongozi alituelekeza tutazame chini, kwenye nyasi zenye mabonde na matuta. Hapo, alisema, kati ya mwaka 1870 na 1875 walikaa watu zaidi ya 2,000 kwenye vibanda vya mbao: wachimbaji, wake zao, watoto. Vijiji vyao walivipa majina makubwa, Sebastopol, Jericho, Batty Green. Ajali ziliua, na ndui ikaua. Waliozikwa kwenye kanisa dogo la Chapel-le-Dale, bondeni kule, ni kama 200. Kanisani kuna kibao cha marumaru ambacho wafanyakazi wenzao walichangia pamoja na kampuni ya reli. Niliuliza kama kibao kina majina. Akasema hapana, kinawataja kwa ujumla tu.

Nilinyamaza muda mrefu baada ya hapo. Baba kila tulipopita njiani kwa mguu alikuwa na desturi ya kutaja watu: hapa fulani wa Bahi aliumwa na nyoka, pale kwenye mbuyu alizikwa fulani, alikuwa anapiga nyundo kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala hakuwahi kuandika popote. Alitaja, tukaendelea.

Njia ya miguu inafuata reli kwanza. Tulipita Blea Moor, ambako kuna kibanda cha kuongozea ishara za treni, kiko peke yake nyikani bila barabara ya gari. Mle ndani kulikuwa na mtu, alitupungia mkono dirishani. Karibu yake ipo nyumba ya mawe ya reli, madirisha yamezibwa. Mbele kidogo tukakuta kitu ambacho sikuwahi kukiona: mto unapita juu ya reli. Wajenzi waliukuta mkondo ule njiani kwao, wakaujengea mfereji wa mawe ili upite juu na treni ipite chini, na sisi tukavuka kwa njia ileile pembeni ya maji. Baba angesimama pale nusu siku.

Kisha reli inazama mlimani. Handaki la Blea Moor lina mita 2,404, na mahali pengine liko mita 150 chini ya nyasi. Sisi tukapanda juu yake. Huko hakuna mti wala nyumba, ni tope jeusi la mboji na majani yenye vichwa vyeupe kama pamba, na ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda anayelia kama anayeuliza jambo. Ukungu ulikuwa umeshuka, lakini huwezi kupotea, kwa sababu handaki lina matundu ya hewa, minara mifupi ya matofali, na unakwenda kutoka mnara hadi mnara. Kando ya kila mnara kuna kilima cha vifusi, mwamba waliouchimba kwa baruti na mikono wakaupandisha juu kwa ndoo. Nyasi zimeota, lakini ukipiga kwa buti unasikia kokoto.

Tulikula kwenye mnara wa pili. Nilikuwa na chapati na mayai ya kuchemsha, dada wa Kisumu akaleta njugu. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa akitusimulia jinsi miaka ya themanini serikali ilivyotaka kuifunga reli hii yote kwa madai kwamba daraja la Ribblehead limechakaa na kulitengeneza ni ghali mno. Watu walipinga kwa maandishi, maelfu kwa maelfu. Mbwa mmoja anayeitwa Ruswarp, ambaye alikuwa akisafiri kwa tiketi yake, alitia wayo wake kwenye karatasi na pingamizi lake likapokelewa. Aprili 1989 serikali ikatangaza kwamba reli itabaki. Bibi alipofika hapo akainua kidole, "Sikilizeni."

Kwanza niliihisi, kwenye mapaja, kwa kuwa nilikuwa nimekaa chini. Mtetemo mdogo. Halafu mngurumo ukaja kutoka ndani ya ule mnara, ukapanda, ukajaa, na moshi wa dizeli ukatoka taratibu kuchanganyika na ukungu. Treni nzima inapita chini ya chakula chetu. Nilisimama, sijui kwa nini. Kwetu treni ya mizigo ikipita gengi zima husimama pembeni na vifaa mkononi, na mwili haukusahau.

Tuliteremka upande wa pili kupitia msitu wa misonobari, na hapo ndipo tukachelewa. Soli ya buti ya yule bibi mwalimu iliachia mbele yote, ikawa inafunguka kama mdomo wa mamba kila hatua. Alitaka abaki atafute gari barabarani, sisi tuwahi treni. Nikamwomba akae kwenye jiwe. Nilikata kamba ya begi langu, nikapitisha chini ya soli mara mbili, nikazungusha kisiginoni na kukaza kwa fundo la juu ya mguu, vilevile wazee wetu wanavyokaza katambuga zikilegea. Alijaribu hatua tatu, akaniangalia, akasema kwamba ingefaa nimfunge na kile kingine pia. Kuanzia hapo mama kiongozi alimweka yeye mbele, wote tukafuata mwendo wake. Baba ana sheria hiyohiyo: gengi linatembea kwa mwendo wa mwenye mguu mbovu.

Tulipita chini ya madaraja mengine mawili, Dent Head na Arten Gill, bila kusimama, na sikuyaona vizuri, jambo ambalo bado linaniuma. Halafu kikaja kilima cha mwisho. Stesheni ya Dent haiko Dent. Iko juu, karibu kilomita sita kutoka kijijini, mita 350 juu ya bahari, na hakuna stesheni ya njia kuu iliyo juu zaidi yake England nzima, ukiiacha Scotland. Najua mtu wa Dodoma, anayelala kwenye zaidi ya mita 1,100, atashangaa kusikia hayo. Aje apande barabara ile kwa miguu kwanza. Bibi aliipanda bila kusema neno, mkono mmoja begani kwa dada wa Kisumu.

Tulifika dakika nane kabla ya treni. Wenzangu walianguka kwenye mabenchi, mimi nikatembea kwenda nyuma ya stesheni, kwa sababu nilikuwa nimeona mataruma. Yalikuwa ya mbao, mamia, yamesimamishwa wima ardhini safu kwa safu kama boma la ng'ombe. Ni ua wa kuzuia theluji isimwagike relini; mwaka 1947 theluji iliifunga njia hii wiki nyingi. Mengi yameoza na kuegemeana. Nikaingiza kidole kwenye tundu la msumari la taruma moja. Ndani kulikuwa bado na kutu, na harufu ya lami hafifu sana.

Kurudi, treni ilimaliza lile handaki kabla ya dakika mbili. Nilibana uso dirishani nikitafuta mwanga wa yale matundu, sikuuona.

Usiku nilinunua kadi ya simu, nikapiga Saranda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamweleza yote: matao, mto wa juu ya reli, mtetemo, yale mataruma yaliyosimama. Alisikiliza bila kunikatiza, na kadi ilikuwa inakwisha. Akauliza njia ni moja au mbili. Nikamwambia ni mbili, ila darajani wamebakiza moja. Akakaa kimya kidogo.

"Na gengi lao linalala wapi?"

"Nyumba ipo, baba. Ya mawe, nzuri. Lakini nimeikuta haina watu."

"Haina watu," akarudia, kisha kwa sauti ya mbali na simu, nikamsikia akimwambia mama.