Sajini Leakey na askari watatu wa Colito

Babu yangu aliacha nyota moja ya shaba yenye pembe sita, inayoning'inia kwenye utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati, ambayo bibi aliitunza ndani ya kopo la majani ya chai hadi siku alipofariki. Ni Nyota ya Afrika, nishani waliyopewa askari waliopigana kaskazini mwa bara hili na Uhabeshi katika Vita Kuu ya Pili. Ukiigeuza, mgongo wake ni laini, kwa kuwa Uingereza ilizitoa nyota hizo bila kuchora majina ya waliozipata. Nilipoanza kusoma habari za askari wa Tanganyika katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki ambalo wazee wetu waliliita Keya, nilikuwa namtafuta babu. Niliyemkuta ni Sajini Nigel Gray Leakey, na tangu hapo sijaacha kumfikiria, yeye pamoja na watu watatu waliomfuata.

Leakey alizaliwa Kenya mwaka 1913, katika ukoo uleule wa Louis Leakey, mtafiti wa Olduvai. Vita ilimkuta akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, naye akawa sajini katika batalioni ya kwanza ya rejimenti ya sita ya Keya, ambayo askari wake walitoka Tanganyika. Mwezi Aprili 1941 Addis Ababa, iliyokuwa mikononi mwa Waitalia, ilikuwa imekwisha kutekwa na majeshi ya Uingereza, na tarehe 5 Mei Mfalme Haile Selassie alirejea katika mji wake mkuu. Hata hivyo, majeshi ya Italia yalikuwa bado na nguvu kusini, katika nchi ya maziwa, na kazi ya kuyaondoa huko iliwaangukia kwa sehemu kubwa askari wa miguu wa Afrika Mashariki.

Tarehe 19 Mei 1941, siku ileile ambayo Mtawala wa Aosta, mkuu wa majeshi ya Italia katika Afrika Mashariki, alisalimu amri rasmi huko Amba Alagi, kaskazini mwa Uhabeshi, kombania mbili za batalioni hiyo zilivuka mto Billate karibu na Colito, kusini mwa Uhabeshi, zikamshtukiza adui na kupata mahali padogo pa kusimama ng'ambo. Hazikuwa na mizinga wala silaha nzito za kuzisaidia. Ghafla vifaru vya Waitalia, vyepesi na vya kati, vikatokeza kutoka porini, na kimojawapo kikawa kinawajia askari kwa nyuma. Aliye na bunduki ya mkononi mbele ya kifaru hana jambo kubwa la kufanya isipokuwa kulala chini au kukimbia. Leakey alikirukia kifaru hicho, akapanda juu yake huku risasi zikimiminika pande zote, akaung'oa mfuniko wa mnara wake kwa mikono, kisha akampiga kamanda wake na waliokuwa ndani kwa bastola, akambakiza dereva peke yake na kumlazimisha akiendeshe hadi mahali penye kificho. Hapo alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho dhidi ya vifaru vingine vya Waitalia, lakini ulikataa kufyatuka. Akashuka, akapaza sauti kwamba atavifuata vilivyobaki kwa miguu, akaingia katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa kwa risasi na makombora.

Maelezo rasmi ya ushujaa wake yanasema kwamba hakwenda peke yake. Alikwenda na sajinimeja wa kombania, Mwafrika, pamoja na askari wengine wawili. Wanne hao waliviwinda vifaru kwa kunyemelea, kama mtu anavyomnyemelea mnyama. Viwili vya kwanza vikapita. Leakey akakirukia cha tatu, akafungua mfuniko na kumuua mmoja wa waliokuwemo, ndipo kifaru cha nne kilipomfyatulia bombomu na kumwangusha. Alikuwa na umri wa miaka 28. Askari walioyaona hayo yote walizidi kupigana, na shambulio la Waitalia halikufaulu.

Nimeisoma sentensi inayowataja wale watatu mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya maelezo hayo. Sajinimeja ametajwa kwa cheo chake na kwa asili yake, wawili wengine kwa neno askari tu, na jina la yeyote kati yao halikuandikwa. Lakini uwanja ulikuwa uleule na risasi zilikuwa zilezile. Lugha ya kazi katika Keya ilikuwa Kiswahili, na naamini kwamba maneno yaliyopita kati ya watu wanne waliojikunyata wakisikiliza minyororo ya vifaru ikikaribia yalikuwa ya Kiswahili, mafupi, ya watu waliozoeana. Ushujaa wa Leakey haupungui hata chembe kwa kuwataja. Kwangu mimi unazidi, kwa sababu mtu hafuatwi na wenzake hadi mahali kama pale ikiwa hawamwamini.

Nishani yake, Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ilitangazwa katika gazeti la serikali ya nchi hiyo tarehe 15 Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baada ya kifo chake. Nyuma ya msalaba wa nishani hiyo huchorwa tarehe ya tendo lenyewe, na nyuma ya kipande kinachoushikilia huchorwa jina la shujaa. Mwili wake haukupatikana, kwa hiyo jina lake liko kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Nilisimama mbele yake, nikalisoma taratibu, nikalitamka.

Chini ya sanamu za askari zilizoko Dar es Salaam na Nairobi, zilizojengwa baada ya vita ya kwanza, kuna maandishi ya Kiswahili yanayomwahidi askari kwamba akifa akipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Nimepita pale Dar es Salaam tangu utotoni. Siku hizi nikipita huwa na nyota ya babu mfukoni, na kidole changu kiko mgongoni mwake, palipo laini.