Anti

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu, niko likizo kwetu Mvumi, alipofika mwandishi wa habari kutoka Ulaya. Alitaka kuandika jinsi familia za Wagogo zinavyoishi. Mkalimani wake alibaki Dodoma mjini na homa, mwenyekiti wa kitongoji akanisukumia mimi: "Wewe si unasoma? Haya, zungumza na mgeni."

Mama alimpokea kwa "Mbukwa!", akamtolea kigoda, akasonga ugali wa uwele, mboga mlenda. Nampa haki yake yule dada: mlenda ulimvutika hadi kidevuni na wala hakukunja uso. Maswali yake nayo yalikuwa ya maana. Nani huamka wa kwanza? Kiangazi, mto ukikauka, maji mnapata wapi? (Mchangani, tunafukua mpaka yatoke.) Mbona baba na wavulana wanakula kando?

Kisha akaniuliza, "Huyu ni mama yako?"

Alikuwa mama yangu mkubwa. Aliyenizaa alifariki ningali nabebwa mgongoni, na kwetu dada wa mama ni mama, hakuna wa kuuliza zaidi. Lakini nilitaka mgeni aone Kiingereza kimeniingia. Nikakumbuka daftari la shule, nikajibu: anti. Neno hilo moja Waingereza wamelibebesha shangazi, mama mkubwa, mama mdogo na mke wa mjomba. Akauliza mama yuko wapi, basi. Nikamwambia. Sauti yake ikalainika, na kuanzia hapo maswali yote yakawa juu yangu: nalala wapi, ada analipa nani, nakula pamoja na wenzangu au nasubiri wamalize.

Gazeti lilitufikia baada ya miezi mingi, ndani ya bahasha ya kaki. Kwenye picha nimesimama peke yangu mbele ya tembe. Ndugu zangu sita tuliopanga nao mstari wamekatwa, umebaki mkono wa mmoja wao begani kwangu. Chini yake wameandika kwamba mimi ni yatima, natunzwa na anti. Uongo haukuwamo. Neno nilimpa mwenyewe.

Jioni mama akatukusanya uani. "Haya, tusomee."

Nikasoma huku natafsiri. Mto, ugali, kigoda, kote nilipita vizuri. Nilipolifikia neno lile nikakohoa kidogo.

"Anasema mama huyu ana watoto saba."

"Wanane," mama akasema. "Na yule niliyemzika je? Hukumwambia?"