Kutoa kabureta kwenye 3F: kazi kubwa iko kwenye mafuta na ethi

Toyota Land Cruiser za FJ70 na FJ75 zenye injini ya 3F, ya petroli na silinda sita, bado zinapiga kazi ngumu, na kinachozisumbua mara nyingi ni kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa; chuma chenyewe cha injini hakina shida. Hapa naeleza jinsi ya kuitoa na kuweka injekta, yaani vali za umeme zinazopulizia petroli kwa amri ya kompyuta. Bakuli la kabureta limetengenezwa likae sawa. Gari likilala ubavu kwenye korongo au likishika mwinuko mkali, kiwango cha mafuta kwenye bakuli kinahama: ama yanafurika kuingia kwenye manifodi (mabomba yanayogawa mchanganyiko kwa silinda), ama hayaifikii jeti (tundu la kupimia mafuta), na injini inazima. Halafu kuna suala la mwinuko wa nchi. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa ukiipandisha hadi Limuru, zaidi ya mita 2,000, inakuta hewa imepungua kwa karibu asilimia 20 huku jeti ni ile ile. Mafuta yanazidi kwa zaidi ya asilimia 10: moshi mweusi, plagi nyeusi, nguvu hakuna.

Toyota wenyewe walilitatua hilo. FJ62 ya soko la Marekani ya mwaka 1988 ilikuja na 3F-E, injini hiyo hiyo ya sentimita za ujazo 3,955 ikiwa na injekta sita. Ukiipata 3F-E kamili, na manifodi yake, nyaya zake na kompyuta yake, ichukue bila kusita. Ila ukiipata vipande vipande, achana nayo, maana kutafuta kipande kimoja kinachokosekana kunaweza kula mwaka. Pia kipimo chake cha hewa ni cha kijimlango kinachosukumwa na upepo, na hicho hakipendi vumbi. Ninayoitetea hapa ni njia nyingine: unabakiza manifodi ya kabureta, juu yake unafunga throto bodi (mlango wa hewa unaoongozwa na pedali) yenye injekta mbili, na kompyuta inasoma mgandamizo wa hewa ndani ya manifodi. Hewa ikipungua mlimani, mgandamizo unashuka na mafuta yanapunguzwa hapo hapo.

Lakini kwanza pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Tofauti kati ya silinda na silinda ikizidi bar 1, pesa ya injekta ipeleke kwenye ringi na valvu. Injekta haifufui injini iliyochoka.

Throto bodi inayoifaa 3F ni Rochester 220 ya General Motors (GM), ile iliyofungwa kwenye Chevrolet za V6 ya lita 4.3. Wanaoagiza vipuri vilivyotumika kutoka Sharjah waulizie huko, kwa sababu magari ya GM yameuzwa sana Ghuba. Hesabu ya injekta ni hii: 3F-E ilipimwa nguvu za farasi 155, na kila farasi hula karibu ratili 0.5 ya petroli kwa saa, jumla ratili 77.5. Injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, kwa hiyo gawa kwa 0.8 upate 97. Kwa injekta mbili, kila moja inatakiwa itoe ratili 48 au 49 kwa saa, yaani kama sentimita za ujazo 510 kwa dakika. Za V6 ya 4.3 ziko karibu na hapo. Usishawishike na za V8 ya 5.7 kwa kuwa ni kubwa zaidi. Injini ikiwa inanguruma bila mguu kwenye pedali, huenda zikamwaga mafuta mengi kuliko kompyuta inavyoweza kuyapunguza.

Kati ya manifodi na throto bodi panahitajika bati la alumini lililochongwa, na kingo za matundu yake zilainishwe ili pasiwe na ngazi inayokamata matone. Ile njia ya joto la ekzosi chini ya manifodi usiizibe. Hapa petroli inasafiri ikiwa imelowanisha kuta za manifodi hadi silinda ya 1 na ya 6, na bila joto hilo itatuama chini, hasa asubuhi za baridi.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Tangi la gari la kabureta mara nyingi halina kizuizi cha ndani cha kutosha kuzuia petroli isikimbilie upande mmoja. Kabureta ilivumilia hilo kwa sababu bakuli lake lilikuwa na akiba. Injekta haina akiba: pampu ikivuta hewa kwa sekunde moja, injini imekata. Kufunga pampu ya umeme moja kwa moja kwenye tangi hilo ni kuhamisha tatizo kutoka kwenye bakuli kulipeleka nyuma ya gari, na utaliona siku tangi liko robo na pua ya gari inatazama juu.

Dawa ni kitangi cha akiba cha lita 1 hadi 2. Pampu ya asili, ile inayosukumwa na kemshafti, iache mahali pake iendelee kuleta mafuta kutoka tangi kubwa, lakini sasa iyaingize kwenye kitangi hiki. Pampu ya umeme inavuta kutoka chini kabisa ya kitangi, inapeleka kwenye throto bodi kwa bar 0.6 hadi 0.9, na yanayobaki yanarudi kwenye kitangi. Sehemu ya juu kabisa ya kitangi inatoka bomba la ziada linalorudi tangi kubwa, likitoa na hewa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba bomba jembamba la kurudishia lililokuja na gari linatosha, kwa kuwa linabeba ziada ya pampu ndogo tu. Ukilirudishia ziada yote ya pampu ya umeme, litabana, presha itapanda, na utahangaika kupunguza mafuta kwenye kompyuta wakati kosa liko kwenye bomba. Kitangi kifungwe upande wa pili wa injini, mbali na ekzosi.

Mpira wa mafuta uwe wa daraja la SAE J30R9. Ule wa kabureta unapasuka kwa ndani na kuziba injekta. Weka filta ya maikroni 100 kabla ya pampu ya umeme na ya maikroni 10 baada yake, na tangi kuukuu lioshwe kutu kwanza.

Kwenye umeme, pampu ipate rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri. Rilei iamriwe na kompyuta: iwake sekunde mbili ukifungua swichi, kisha izime kama injini haizunguki. Ongeza swichi ya kukata pampu gari linapogongwa. Ethi zote za kompyuta na za sensa, yaani nyaya za kurudishia umeme, zifungwe sehemu moja kwenye injini yenyewe, kamwe zisifungwe kwenye bodi ya gari. Ethi mbovu inaifanya sensa idanganye kidogo kidogo, na hakuna ugonjwa unaochosha fundi kama huo. Nyaya za plagi ziwe zenye ukinzani. Zile za shaba tupu zinatupa kelele za umeme, mizunguko inarukaruka kwenye skrini na injekta zinapiga ovyo.

Sensa ya joto la maji ikae upande wa injini, kabla ya thamostati. Ikikaa baada yake, itaendelea kusoma baridi na kompyuta itaongeza mafuta bure. Mpira wa kusomea mgandamizo uwe mfupi na uwe na tundu lake peke yake, usigawane na buster ya breki. Sensa ya oksijeni, chukua ile ya kipimo kipana (wideband), kishikio chake kichomelewe pale ekzosi za silinda zote zinapokutana, upande wake wa nyaya ukiwa juu ya usawa kwa angalau nyuzi 10 ili maji yasiisimamie. Gasketi ya ekzosi ikivuja kabla yake, itasoma hewa nyingi ambayo haikupita kwenye injini.

Kurekebisha, anza na injini ya moto. Kwenye mngurumo wa bila mguu kwenye pedali lenga 13.5 hadi 14 za hewa kwa 1 ya mafuta, safarini 14.7, na mzigo mzito 12.5 hadi 13. Ukishatulia hapo, rekebisha nyongeza ya mafuta ya unapokanyaga pedali ghafla, kisha uwashaji wa baridi ndio uwe wa mwisho, asubuhi kabla gari halijaguswa. Zima marekebisho ya sensa ya oksijeni wakati wa kazi hii. Ukiyarudisha na ukaona yanasahihisha zaidi ya asilimia 10 mfululizo, jedwali lako la mafuta kwenye kompyuta lina kosa, rudi ulisahihishe.

Chomoa plagi za 1, 3, 4 na 6 baada ya mwendo mrefu uzilinganishe. Za mwisho (1 na 6) zikiwa nyeupe kuliko za katikati (3 na 4), ongeza mafuta kidogo kwenye mzigo. Kabla ya safari ya mbali lijaribu gari kwenye mwinuko likiwa na robo tangi, na ndani ya boksi weka pampu moja ya umeme, rilei, fyuzi na sensa ya joto.