Zamisha Kafi Kwanza

Wapendwa wa jumuiya zetu za Arusha na Moshi, Bwana Yesu asifiwe.

Neno la juma hili ni Isaya 30:15–18. Yuda wanaiogopa Ashuru, nao wanakimbilia Misri kutafuta farasi. Mungu anawaambia nguvu zao zitakuwa katika kutulia na kutumaini, lakini hawataki. Wanataka wanyama waendao kasi. Wengi wetu tukisoma hapo tunaelewa kwamba kutulia ni kukaa bila kufanya kitu, na ndiyo maana aya hii hatuipendi sana. Tuitazame kupitia mbio za kayaki, mtumbwi mdogo unaoendeshwa kwa kafi, mchezo ambao kutulia ni sehemu ya kasi yenyewe.

Pale Ziwa Duluti, Tengeru, kayaki tunazoziona ni zile pana za watalii. Ya mashindano ni nyembamba mno. Ya mtu mmoja haizidi mita 5.20 kwa urefu wala haipungui kilo 12 kwa uzito, na asiyeizoea hupinduka kabla hajapiga kafi hata mara moja. Usukani wake mdogo huongozwa kwa miguu.

Mpigo wenyewe huenda hivi. Mpiga kafi huzungusha kiwiliwili, akachomeka kafi majini usawa wa nyayo, karibu na ubavu wa mtumbwi. Bapa lote la kafi lazima lizame. Ndipo mguu wa upande uleule unasukuma kibao cha miguu, kiuno kinageuka, na mtumbwi unapita mahali kafi lilipojishika. Mkono unabaki karibu umenyooka. Kazi yake kubwa ni kushika. Kafi likifika kwenye nyonga, linatoka.

Anayejifunza huvuta bapa likiwa nusu majini, nusu hewani. Linaingiza hewa, linateleza, maji yanaruka kwa kishindo na mtumbwi hausogei. Akiona hausogei anaongeza haraka ya mikono, na mabega yanaishiwa nguvu mbio ya mita 500 ikiwa bado mbali kwisha. Wapo pia wanaochelewa kulitoa: likipita nyonga linanyanyua maji na tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, inadidimia. Lakini lile la kwanza ndilo kosa la Yuda hasa, kuvuta kabla ya kushika.

Birgit Fischer wa Ujerumani alidumu katika kazi hii kuliko wengi. Alipata dhahabu ya Olimpiki Moscow mwaka 1980 akiwa na miaka 18, katika kayaki ya mtu mmoja, mita 500. Mwaka 1984 nchi yake, Ujerumani Mashariki, ilisusia michezo ya Los Angeles, naye akabaki nyumbani akiwa katika ubora wake. Seoul 1988 alishindwa katika mbio ya mtu mmoja akapata medali ya fedha, lakini akachukua dhahabu mbili katika mitumbwi ya wawili na ya wanne. Baada ya Sydney 2000 alistaafu, kisha akarudi. Athens 2004, akiwa na miaka 42, alishinda tena katika kayaki ya watu wanne pamoja na Carolin Leonhardt, mwenzake ambaye mwaka 1980 hakuwa amezaliwa. Dhahabu nane kwa jumla, na fedha nne.

Katika kayaki ya wanne makafi yote huzama pamoja. Mmoja akiwahi, hata kama ndiye mwenye nguvu kuliko wenzake, mtumbwi unayumba na wote wanapoteza. Bingwa wa dunia naye hufuata mpigo wa chombo. Hili tunaliomba sana kwa viongozi wa jumuiya, kwaya na VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa.

Angalieni pia aya ya 18: Bwana mwenyewe anangoja ili awahurumie watu waliokataa kumngoja. Hapo ndipo pa kukaa juma hili, kuliko kwenye lawama.

Kwa vitendo: kila nyumba ichague jambo moja linaloikimbiza sasa hivi, iwe ada, kiwanja au mkopo. Kabla ya kusaini au kupiga simu, someni aya hizi nne kwa sauti, kaeni kimya dakika tano, kisha ombeni. Baada ya hapo fanyeni kazi kwa nguvu zote. Anayetulia naye huvuta. Siku ya jumuiya tutaanza kwa kusikia kila nyumba ilichagua nini, na tutaliombea jambo hilo kwa jina.