Upepo wa mashariki

Jumamosi. Jumuiya leo ilikuwa kwa bibi wa nyumba ya nne, somo Kutoka 14. Tulipofika bahari inapogawanyika, kijana mmoja anayefundisha fizikia sekondari akasema, kwa upole kabisa, kwamba upepo mkali ukivuma usiku kucha juu ya maji ya kina kifupi unaweza kuyasukuma mpaka ardhi ionekane. Bibi akaweka kikombe chini. "Sasa mwanangu, kama ni upepo, Mungu kafanya nini?"

Hakuna aliyejibu. Tukaimba, tukamaliza chai, tukatawanyika.

Usiku huu nimeifungua tena Biblia. Mstari wa 21 unasema wazi kuwa bahari ilirudi nyuma "kwa upepo wa nguvu utokao mashariki". Kumbe mwalimu hakutuletea kitu cha maabara, alisoma kilichoandikwa. Mwandishi wa Kutoka hakuona aibu kumpa Mungu upepo afanyie kazi.

Nahisi neno lenyewe linatuponza. "Muujiza" umetoka Kiarabu, shina moja na ajizi, ile ya "ajizi nyumba ya njaa": ni jambo linalokuacha hoi, huna la kusema. Ukilielewa hivyo, kila mwenye maelezo unamwona mwizi. Lakini Yohana akisimulia maji yaliyogeuka divai kule Kana, anaita "ishara". Ishara haiharibiki kwa kujulikana imetokana na nini. Kengele ya kanisa letu ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na watu wanaamka.

Mpaka hapo niko upande wa mwalimu. Kisha namkumbuka Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa tatu wa Marekani. Mwaka 1820 alikuwa amezikata Injili kwa wembe, akabandika mafundisho ya Yesu na kuiacha miujiza. Kitabu chake kinaishia jiwe linapovingirishwa kwenye mlango wa kaburi. Watu wakaenda zao. Basi.

Hapo nashindwa kumfuata. Paulo naye hakuacha upenyo: kama Kristo hakufufuka, "imani yenu ni bure". Mwaka jana, tulipomzika baba, nilijaribu wiki mbili nzima kuuona ufufuo kama fumbo tu la matumaini. Haikushika. Baba hakuwa mtu wa mafumbo. Akisema mvua, ujue uanue nguo.

Kwa hiyo bahari nauachia upepo, kaburi nalikatalia. Mtu akiniambia kwamba nachagua, sitabisha. Nachagua, na sijui kama bibi angenikubalia hata hiyo bahari.

Jumamosi ijayo jumuiya ni kwangu. Tunasoma Kutoka 16, habari za mana, na mwalimu ameshaninong'oneza kuwa ana maelezo yanayohusu wadudu. Nitamkalisha mbali na bibi.