Foki ya Mabomba Manne

Jumamosi, Tororo, Uganda

Baiskeli ya mzee wa mtaa wa pili haina jina tena. Beji ya shingoni, chini ya usukani, ilitoka zamani, yamebaki matundu yaliyozibwa na rangi. Rangi yenyewe ni ya kijani, ile wanayopakia mageti, nayo imepakwa kwa brashi juu ya nyingine iliyopakwa kwa brashi. Vijana wa steji wanaiita Raleigh, kama wanavyoita karibu kila baiskeli nzito ya zamani. Mzee akaniambia, "Mwanangu, nataka kujua imetoka wapi, na lini. Marehemu baba aliinunua kwa pesa za pamba."

Nikaanza na foki. Kwa kawaida kila upande wa gurudumu la mbele hushuka bomba moja. Hii ina mabomba mawili membamba kila upande, yamekaa bega kwa bega mpaka kwenye ekseli, jumla manne. Moyo ulinidunda, nasema kweli, maana foki ya namna hiyo ndiyo alama ya Humber, na rangi hata ipakwe mara ngapi haiwezi kuificha. Thomas Humber alikuwa na kiwanda chake Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza. Mwaka 1932 baiskeli za Humber zikachukuliwa na Raleigh, na foki hiyo ikaendelea kutengenezwa. Kwa hiyo vijana wa steji hawako mbali sana na ukweli: kama ni ya baada ya 1932, imetoka mikononi mwa Raleigh.

Ndiyo maana beji siiamini sana, hata inapokuwepo. Raleigh ilichukua Rudge mwaka 1943 na BSA mwaka 1957, kisha mwaka 1960 Hercules na Phillips zikaingia katika nyumba hiyo hiyo. Tena Raleigh na Humber ziliundwa India pia, Asansol, kuanzia miaka ya 1950. Jina peke yake halikwambii baiskeli ilizaliwa nchi gani.

Basi nikaomba kitambaa na mafuta ya taa. Nilisugua taratibu kwenye bomba la kiti, sehemu moja ndogo tu, mpaka kijani kikalegea. Ukatokea mstari mwembamba wa dhahabu, halafu herufi: HAM, na chini yake ENGLAND. Nottingham, mji wa kiwanda cha Raleigh. Mzee aliinama akazisoma mwenyewe, akakaa kimya kidogo, akaita wajukuu waje waone.

Ilibaki lini. Hapo ndipo watu wengi hukimbilia namba ya fremu, lakini kwa baiskeli za Uingereza mimi napenda kwanza kuangalia habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Kampuni ya Sturmey-Archer walikuwa wakigonga mwaka na mwezi kwenye chuma cha habu zao za gia tatu. Niliondoa grisi iliyoganda kama lami, nikakuta AW, jina la aina ya habu hiyo, kisha 54, kisha 3. Machi 1954.

Lakini habu husema umri wa habu. Gurudumu linaweza kutoka kwenye baiskeli nyingine kabisa, na hapa kwetu hutoka, hasa baada ya 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi, maduka yao yakafungwa na spea zikaadimika. Hii yenyewe ina gurudumu la meno la Phoenix kutoka China, na keria iliyochomelewa kwa nondo. Sizioni kama uchafu wa kuondoa. Ni kazi ya mafundi walioifanya itembee miaka ambayo Nottingham haikufika Tororo.

Kilichonipa uhakika ni alama ndogo. Juu ya bomba la juu, chini ya rangi zote mbili, kuna mkwaruzo wa duara uliozunguka bomba: mahali pa bangili iliyoshika kapi dogo la waya wa gia. Kwa hiyo fremu ilikuwa na gia tangu mwanzo. Matundu ya spoki nyuma ni 40 na mbele 32, desturi ya Waingereza wa wakati ule. Vyote vinakubaliana. Nikamwambia mzee: Humber, ya Nottingham, 1954 au miezi michache baadaye. Akasema, "Pamba ilikuwa na bei miaka ile," na alisema kama mtu aliyepata shahidi.

Jambo lililoniuma ni hili. Habu ya AW ikikosa waya wake hubaki kwenye gia ya juu, nzito kwa theluthi moja kuliko ya kawaida. Waya huo haupo siku nyingi. Ina maana mzee amekuwa akipanda milima ya huku kwa gia ya kushukia, na magoti yakimuuma anaulaumu umri.

Nimemwomba asiipake rangi tena, hasa pale kwenye dhahabu. Amekubali fremu iachwe, ila keria ataipaka, kutu imezidi. Mimi natafuta kicheni cha gia cha kuingia ndani ya ekseli, na waya. Fundi wa karibu na soko anasema ana kopo la vitu vya namna hiyo ambalo halijafunguliwa tangu enzi za mwalimu wake, niende Jumatatu asubuhi kabla wateja hawajajaa.